Mafuta Hayakimbizwi

Mimi naitwa Nyar Suna, kwa sababu nilizaliwa Suna, pale Migori, nikaolewa Rangwe. Kwetu mke huitwa kwa jina la alikotoka hata akizeeka kwa mume, asije akasahau kwamba alikuja. Nimekaa Rangwe mpaka meno yameanza kuniaga na bado ni Nyar Suna. Hilo halinikasirishi. Nina mambo mengine ya kunikasirisha.

Mume wangu Ogweno aliniachia vitu viwili: mtoto mmoja, Cephas, na mashine ya kusaga. Mashine yenyewe ilikuwa ya injini ya dizeli, zile za zamani zenye magurudumu mazito ubavuni, ambazo huwashwa kwa kuzungusha hendeli mpaka mishipa ya shingo isimame. Ikinguruma ilisikika hadi ng'ambo ya mto, na akina mama walijua bila kuambiwa kuwa leo Nyar Suna anasaga. Cephas alipokuwa mdogo nilimlaza juu ya magunia, kando ya kelele ile, akalala fofofo. Nilipoizima ndipo alipoamka na kulia.

Halafu miaka ya tisini ikaingia na vituko vyake. Dizeli ilipanda bei, ikaadimika, ikarudi ikiwa imepanda tena. Nguzo za stima zikafika sokoni, na mtu mmoja akafungua mashine ya stima isiyo na moshi wala haja ya hendeli. Wateja wangu wakahamia huko wakiwa bado wananisalimia vizuri tu. Nikaifunika injini ya Ogweno kwa magunia, nikaanza kuuza sukuma wiki.

Cephas alikuwa chuo kikuu akisomea kemia. Mwaka huo wanafunzi waligoma, chuo kikafungwa, kila mmoja akaambiwa arudi kwao na awe akipiga ripoti kwa chifu kila wiki, utadhani ni mwizi wa ng'ombe aliyeachiliwa kwa dhamana. Mwanangu alirudi na sanduku la vitabu na kikohozi. Nikasema ni vumbi la safari. Mama haishiwi na maelezo mtoto anaporudi nyumbani amekonda.

Tulipomzika Ogweno, ndugu yake mdogo, shemeji yangu Onyango, alizungushia kaburi nguzo za mbono ili ng'ombe wasilikanyage. Mbono ni mti usiojua kufa. Ukikata fimbo yake ukaichomeka ardhini, hata kichwa chini, utaota. Zile nguzo zikaota, zikawa ua mzima wa kijani, zikazaa. Mbegu zake haziliwi. Mtoto akitafuna mbili tatu atatapika mpaka nyongo, na hata mbuzi, anayeweza kula sketi kwenye kamba, huupita mti ule kama hauoni.

Asubuhi moja nilimkuta Cephas amesimama kaburini kwa baba yake. Alikuwa amebangua mbegu, akaisugua kwenye karatasi, na sasa anaitazama karatasi hiyo kwenye mwanga wa jua. Palikuwa na doa kubwa la mafuta.

"Mama," akasema, "unajua baba amelala katikati ya dizeli?"

"Baba yako amelala katikati ya udongo. Kuja unywe chai."

Hakuja. Chai ikapoa, nikampelekea kikombe palepale, na palepale akanieleza. Mafuta ya mbono ni mazito, yakitiwa kwenye injini hivyo yalivyo yataikaba. Lakini ukiyapika pamoja na spiriti ya maabara na kostiki, ile watu wanayotengenezea sabuni, yanagawanyika. Kile kizito cheusi kinazama, kile chepesi kinaelea, na hicho chepesi ndicho dizeli. Shida ilikuwa moto. Kwenye jiko yangechukua muda mrefu, na spiriti ile ikikaribia moto hulipuka. Ila alikuwa amesoma kwenye majarida ya mwalimu wake kwamba kuna watu wanajaribu kupika vitu vya namna hiyo ndani ya maikrowevu, na kazi ya saa nzima inaisha kwa dakika chache.

"Hiyo ni nini?"

"Ni sanduku, mama. Inapasha chakula bila moto."

"Bila moto inapasha na nini?"

"Na mawimbi."

"Mimi mawimbi najua ni ya ziwa," nikasema. Akacheka mpaka kikohozi kikamkamata, nikamshika mgongo. Mifupa yake ilinijaa mkononi. Siku hiyo niliogopa kwa mara ya kwanza, na sikumwambia.

Tukaanza kazi. Nilinunua kinu kipya na kukipaka rangi nyekundu mdomoni, mtu asije akatwangia karanga ndani yake. Mimi nilitwanga, Cephas akakamua kwa kifaa alichotengenezewa na fundi wa chuma: fremu ya mbao nzito na jeki ya lori. Mafuta yalitoka polepole, ya manjano, yenye harufu ya majani yaliyokatwa. Spiriti aliiagiza Kisumu, na kwenye mtungi wake akachora fuvu la kichwa, maana Rangwe haikosi wanaume ambao kitu kikinuka kidogo tu wanakitafutia bilauri.

Mara ya kwanza alijaribu kwa kuweka chupa ndani ya sufuria ya maji moto. Ikatoka sabuni.

"Tumefeli, mama."

"Nani amefeli? Nimepata sabuni na sikuenda duka."

Nikafulia nguo zote za boma. Yeye alikaa kizingitini akifikiri, kisha akasema mbegu tulizookota chini zilikuwa zimekaa sana, mafuta yake yameingia uchachu, na uchachu ukikutana na kostiki unageuka sabuni. Kwanza lazima tuyapike na spiriti na asidi kidogo ya betri ili kuua ule uchachu. Yatulie. Ndipo tuyapike mara ya pili na kostiki. Yatulie tena. Halafu tuyaoshe kwa maji. "Na usiyakimbize," akaniambia, kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa na haraka. "Mafuta hayakimbizwi. Ukimwaga kabla hayajatulia, injini itakufa."

Maikrowevu tuliipata Suna, kwetu. Hamud, mfanyabiashara kutoka pwani aliyemuuzia Ogweno mikanda na beringi miaka yote, alikuwa na duka la vipuri na hoteli ndogo kando yake. Ndugu yake alimletea sanduku lile kutoka Uarabuni ili apashie wateja pilau. Wateja wakagoma. Walisema chakula kisichoona moto hakijaiva, ni kimetishwa tu. Tulipofika tulikuta lina kazi ya kubeba redio.

"Karibu Mama Cephas," Hamud akasema. "Jisanduku hili limenitia aibu mji mzima. Kama mwanao ataweza kulitumia, mimi nitamshukuru Mungu."

Mkewe Kaltum hakushukuru upesi hivyo. Alizima jiko lake mwenyewe, akafungua madirisha yote, akamtazama Cephas akimimina mafuta kwenye chupa ya jemu. "Mwanangu, hicho unachotia humo, mtu akikinywa atakuwaje?"

"Atapofuka, mama. Ama afe."

"Basi chombo hiki chakula hakitaingia tena. Nimesema."

Cephas akaitia chupa bila kifuniko, akafunga mlango, akageuza kitufe. Sanduku likawaka taa, likaanza kuvuma. Sote wanne tulisimama mbali tukilitazama. Likalia kengele, ting, naye akalifungua kwa kitambaa. Kwa macho yangu hakuna kilichobadilika. Lakini baada ya kuyapika mara ya pili, na kostiki, yalipokaa yalianza kujitenga mbele yetu: chini tope jeusi, juu kitu chepesi cha rangi ya chai ya rangi. Cephas alichovya utambi, akauwasha. Uliwaka safi, bila moshi, na chumba kikanuka kama kuna mtu anakaanga maandazi.

"Mashallah," Hamud akasema.

Mwanangu alinikumbatia mbele za watu, kitu ambacho wanaume wa kwetu hawafanyi. "Tukikusanya ya kutosha tutawasha injini ya baba," akaniambia. "Nataka kuisikia tena. Sijalala vizuri tangu inyamaze." Nilijua anatania. Nilijua pia kwamba hakutania. Tangu siku hiyo nilikuwa na ombi moja tu kwa Mungu, wala sikuomba makubwa: Cephas aisikie injini ile.

Tulirudi Rangwe tukavuna mbegu mpya, tukatwanga, tukakamua. Mtungi ulipofika nusu, yeye akaanguka.

Tulimpeleka hospitali Homa Bay. Daktari aliniita pembeni. Aliniambia kwa Kiingereza, halafu kwa Kiswahili, halafu akanyamaza, na ule ukimya ndio nilioelewa. Ilikuwa ukimwi. Leo nalisema neno hilo. Wakati ule tulisema amekonda, tulisema ana kifua, tulisema mambo ya Nairobi. Dawa zilikuwepo mbali huko kwa watu wa mbali. Wodi ilijaa vijana wa umri wake, wawili wawili kitanda kimoja, na mama zao chini sakafuni wakikwepa kutazamana.

Rangwe nako walikuwa na jibu lao. Shemeji Onyango alisema ni chira. Chira ni ugonjwa wa kukonda unaomshika mtu aliyevunja mwiko, na mwiko aliouona Onyango ulikuwa ule ua.

"Nyar Suna, huyu mtoto amevuna kaburi ya baba yake," aliniambia tulipokuwa bado nyumbani. "Amekula jasho ya mtu amekufa. Hiyo mbono ing'olewe, tuchinje kondoo, ataamka."

"Ni wewe uliipanda."

"Nilipanda ua. Sikupanda shamba."

"Shemeji, gusa huo ua uone."

Hiyo ilikuwa kabla ya hospitali. Mimi nimezaliwa Suna, nimeolewa Rangwe, nimezika na nimeliwa na misiba pande zote mbili, na sikuwahi kusikia mwiko wa mbono. Aliutunga kwa hofu. Mtu akiogopa sana hutunga sheria, kisha huiogopa ile sheria.

Tuliporudi kutoka Homa Bay, Cephas akiwa amebebwa, nililiona kaburi la Ogweno kutoka langoni. Lilikuwa wazi. Kila mbono ulikuwa umeng'olewa na mizizi yake, na ili usiote tena alikuwa ameuchoma. Gunia letu la mbegu lilikuwa limeingia motoni pia. Onyango alisimama pale na jembe, macho mekundu. Alikuwa amelia, hilo siwezi kumnyima. Alidhani amemwokoa.

"Sasa atapona," akasema.

Nilimtukana. Nilimtukana kwa Dholuo, na Dholuo kikapungua nikaongeza Kiswahili. Nilimwambia amezaliwa baada ya akili kugawanywa. Aliinamisha kichwa akapokea yote. Baada ya hapo sikumsemesha tena, na boma likawa na watu wawili wanaopishana kama wasioonana.

Cephas alilazwa kwenye simba yake, nyumba ndogo ya kijana asiyeoa, hatua chache kutoka banda la injini. Nilipomweleza habari za ua alifumba macho.

"Mafuta tuliyokamua yako?"

"Yako chini ya kitanda yangu. Hakuyaona."

"Yanatosha kuiwasha." Alipumzika kati ya neno na neno. "Mama, nenda Suna. Uyapike."

"Mimi?"

"Ni wewe uliona yote. Asidi kwanza, halafu kostiki. Hamud ataogopa, na Kaltum ataogopa zaidi. Wewe huogopi kitu."

Nilikuwa naogopa kitu kimoja, na kilikuwa kimelala mbele yangu. "Nani atakaa na wewe?"

"Baba mdogo."

"Huyo?"

"Mama. Ananipenda. Hajui tu vile ya kunipenda." Akanishika kidole, hakuwa na nguvu ya kushika mkono. "Nenda. Nataka kuisikia. Na usikimbize mafuta."

Nikaenda. Nilipita kwa Onyango nikamwambia maneno machache nikitazama ukuta: "Kaa na mtoto. Narudi." Hilo ndilo pekee nililomwambia kwa siku nyingi.

Suna nilipika. Kaltum alizima jiko na kufungua madirisha kama mara ile, kisha akasimama mlangoni akisoma dua. Nilimimina nilivyoona mwanangu akimimina, chupa baada ya chupa. Sanduku likavuma, likalia ting. Nikayaacha yatulie. Nikayamimina, nikatia kostiki iliyoyeyushwa kwenye spiriti, nikarudisha chupa ndani. Mikono yangu haikukosea kipimo. Nilikuwa nampikia mtoto. Kupikia mtoto nakujua.

Nilipokuwa nimebakiza nusu ya mafuta, mvua kubwa ikaanza kunyesha na stima ikapotea.

Mwanzo tulisema itarudi sasa hivi. Hamud alitoka kila mara kutazama nyaya, kana kwamba stima ingekuja ikitembea juu yake. Jioni haikurudi. Kesho yake asubuhi haikurudi. Watu wakasema nguzo zimeanguka njiani na mji wote hauna, hadi kwa jirani zetu wa Homa Bay. Niliyatazama mafuta yaliyoiva na yale mabichi. Nusu isingetosha: injini ile hunywa tumbo zima kabla haijakubali kukohoa.

"Mama Cephas, rudi nyumbani," Kaltum akaniambia. "Mwanao anakuhitaji zaidi kuliko hivi vitu."

"Yeye ndiye alinituma."

"Watoto hututuma, lakini..." Alienda kuniletea uji.

Nilikaa kwenye kiti mbele ya lile sanduku lililozimika. Nilitamani kulipiga teke. Nilitamani kuyasukuma mafuta kwa vidole yajitenge upesi. Yale yaliyoiva yalitulia chupani taratibu, tope likishuka, wepesi ukipanda, hayana habari na mtu anayekufa. Nilichukia kila kitu kinachojua kusubiri.

Stima ilirudi siku ya tatu mchana, ikawaka kidogo, kiasi cha kumalizia chupa zangu, ikapotea tena. Nikayaosha kwa maji, nikayaacha yang'ae. Hamud aliyachuja kwa kitambaa cha kilemba chake mwenyewe, akayamimina kwenye mtungi safi, akafunga kifuniko kwa nguvu. "Mpe salamu," akasema. "Mwambie nangoja kusikia mngurumo mpaka huku."

Nilishuka Rangwe asubuhi iliyofuata nikiwa nimebeba mtungi kichwani. Njiani nilikuwa nikipanga maneno. Nitamwambia Cephas: sikuyakimbiza. Nitamwambia: yametoka safi kuliko yako. Nilipokaribia langoni nikasikia nduru ya wanawake, ile sauti inayopanda juu na kukatika, na nilijua kabla sijaona mtu. Sikuanguka. Niliushusha mtungi taratibu, nikauweka mahali ambapo hautapigwa teke, ndipo nikaingia.

Alikuwa amekufa jana yake, jua likizama. Walikuwa wamemlaza vizuri, wamemvalisha shati lake la chuo. Nilikaa kando yake, nikamwambia yote niliyokuwa nimeyapanga, na haikusaidia kitu.

Msiba una tumbo. Huo ndio ukweli ambao watu hawausemi. Watu walianza kuingia kutoka Rangwe, kutoka Homa Bay, kutoka kwetu Suna, na waombolezaji hula. Mahindi yalikuwepo, majirani walileta magunia. Unga haukuwepo. Mashine ya sokoni ilikuwa ya stima, na stima iliyopotea Suna ilikuwa imepotea Rangwe pia. Wanawake wakaja kuniuliza kwa upole, wakiona aibu, kama kuna njia yoyote.

Nikainuka. Nikauchukua mtungi pale nilipouacha, nikaenda kwenye banda. Nilipofika nilishangaa. Magunia niliyoifunikia injini yalikuwa yamekunjwa pembeni. Mkanda ulikuwa umevishwa kwenye kinu cha kusagia, na magurudumu yalikuwa hayana vumbi.

Nikajaza tangi. Mafuta ya mwanangu yaliingia bila kelele, ya rangi ya chai ya rangi. Nikashika hendeli, nikazungusha. Sikuwa na nguvu. Nikazungusha tena. Nilipoinua macho nilimwona Onyango amesimama mlangoni.

"Njoo ushike," nikasema. Lilikuwa neno la kwanza kwake tangu niondoke.

Alikuja, akaishika hendeli, akaiachia mara moja kama aliyeungua. Mikono yake yote miwili ilikuwa imefungwa vitambaa, na vitambaa vilikuwa na damu.

"Hiyo mikono imefanya nini?"

Aliificha nyuma. Niliwaza ni moto alioteketeza ua, lakini ule ulikuwa umepita zamani. Nikauliza tena, kwa ukali.

"Alikuwa anauliza kama umefika," Onyango akasema. Alikuwa anaongea na injini, si na mimi. "Tangu asubuhi ya kwanza. Nasema bado. Mchana, bado. Jana akaacha kuuliza, akawa anasikiliza tu. Anageuza sikio kwa hii ukuta. Nikaona huyu hatafika kesho."

"Halafu?"

"Halafu nikakuja hapa. Dizeli hakuna hata tone. Nikainua ile lever ya kuachia pumzi, ndio isikaze, nikazungusha na mkono. Mkanda nikaweka kwa kinu, ndio iwe na sauti. Nikazungusha. Ilikuwa inanguruma kidogo, Nyar Suna. Si kama ile yenyewe. Kidogo tu. Ngozi ikatoka nikaendelea, nikiogopa nikisimama atajua."

Injini ile ni mzigo kwa vijana wawili kuizungusha hata kwa muda wa kuiwasha. Mzee huyu aliizungusha peke yake, tupu, mpaka jua likazama.

"Uliacha lini?"

"Wakati walikuja kuniita."

Nje wanawake waliendelea na nduru. Onyango alijifuta pua kwa kiwiko, maana viganja havikufaa.

"Alisikia?" nikauliza.

"Alisikia. Mke wangu alikuwa kwa kitanda yake. Anasema alifungua macho, akacheka kidogo."

"Alisema kitu?"

"Alisema, 'Mama amefika.'"

Nilimtazama mtu niliyemwambia amezaliwa baada ya akili kugawanywa. Nilivua kitambaa changu cha kichwa, nikakipasua katikati, nikamzungushia viganja juu ya vile vitambaa vya damu. Alisimama kama mtoto anayefungwa tai ya shule. Kisha nikaweka mikono yangu juu ya mikono yake kwenye hendeli, tukazungusha pamoja. Injini ilikohoa, ikanyamaza. Tukazungusha. Ikakohoa tena, ikatema moshi mweupe, ikawaka.

Ilinguruma mpaka mabati ya banda yakatikisika. Harufu ya maandazi ikajaa boma zima, na watoto wa waombolezaji wakaja mbio mlangoni kutazama nani anakaanga. Wanawake wakaleta mahindi, mimi nikasaga unga wa matanga ya mwanangu. Onyango alishika gunia chini ya mdomo wa kinu, akilia waziwazi, uso wote mweupe kwa unga.

Ukuta wa simba ulikuwa karibu pale. Niligeukia upande huo, nikasema kwa sauti yangu yote, ingawa kwa kelele ile hata aliyekuwa kando yangu asingenisikia:

"Nimefika, nyathina. Nimefika, mwanangu."